Pumzi ya Kurudia: Jinsi ya Kujiandaa na Kipimo cha Kupangia Mionzi ya Pafu

Kila aliyewahi kupigwa picha ya kifua anaikumbuka ile sauti ya nyuma ya kioo: "Vuta pumzi... shika... usipumue... haya, pumua." Umekumbatia ubao wa baridi, kidevu umekiweka juu, na kwa zile sekunde mbili tatu unajiona umemsaidia daktari. Ndiyo maana wagonjwa wanaokuja kupangiwa mionzi ya pafu huingia chumbani wakiwa wamejipanga kuvuta pumzi ya kukata vifungo vya shati. Kosa si lao. Hakuna aliyewaambia kwamba kipimo hiki ni kingine. Picha ya kawaida ya kifua inataka pafu lijae ili lionekane lote. Kipimo cha kupangia mionzi kinataka pafu kama litakavyokuwa siku ya matibabu, na matibabu yenyewe mara nyingi ni siku 30, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki 6. Pumzi inayotakiwa ni ile unayoweza kuirudia siku zote hizo bila kuifikiria.

Nafanya kazi kwenye chumba cha kipimo, ila kwetu ni Tukuyu. Baba mdogo alipokutwa na uvimbe chini ya pafu la kulia, juu kidogo ya ini, nilimwandaa kwa simu wiki mbili kabla hajapanda basi. Haya ndiyo niliyomwambia, pamoja na mengine ambayo sikumwambia kwa sababu angenichoka. Hayachukui nafasi ya daktari wako. Yanakusaidia kumwelewa anachokufanyia.

Nianze na kosa langu mwenyewe

Miaka yangu ya mwanzo, katika hospitali ambayo sitaitaja, nilikuwa nimetoka upande wa eksirei. Mzee mmoja kalazwa mezani apangiwe mionzi, uvimbe uko chini ya pafu la kushoto. Mdomo wangu, kwa mazoea tu, ukasema: "Vuta pumzi, shika." Mzee mtiifu akavuta, akashika. Picha ikatoka safi kama ya kwenye kitabu. Daktari akachora, mfizikia tiba akapiga hesabu zake siku kadhaa. Siku ya kwanza ya mionzi, kabla ya kuwasha, tukapiga picha ya kuhakiki huku mzee akipumua kivyake. Uvimbe ulikuwa juu ya mchoro kwa karibu sentimita 2.

Mionzi haikuwashwa. Tulianza upya tangu kipimo, na mzee aliyekwisha kaa gesti wiki nzima akaongeza nyingine. Alidhani mashine imeharibika. Nilimwambia ni mimi.

Kwanza elewa kinachosogea

Pafu halijivuti lenyewe. Linavutwa hasa na kiwambo, ule msuli mpana uliojikunja kama mwamvuli kati ya kifua na tumbo. Ukivuta hewa, kiwambo kinashuka, tumbo linatuna, pafu linafuata chini. Ukitoa, kinapanda. Mtu mzima aliyetulia hufanya hivyo mara 12 hadi 20 kwa dakika, kila pumzi ikichukua kama sekunde 3 hadi 5, na uvimbe uliomo ndani ya pafu unasafiri nalo.

Safari hiyo hailingani kwa watu wote. Uvimbe wa juu, upande wa bega, au ulionata kwenye mbavu, unaweza kusogea milimita mbili tatu basi. Wa chini, karibu na kiwambo, unaweza kwenda sentimita moja nzima, na wengine huvuka mbili. Mwendo mkubwa ni wa kupanda na kushuka. Wa mbele na nyuma ni mdogo zaidi, na wa pembeni mdogo pia. Tena njia ya kwenda si lazima iwe ya kurudia. Uvimbe mwingine huchora duara lililobonyea, kama mtu anayeshuka sokoni Mwanjelwa kwa barabara kuu akarudi kwa vichochoro.

Ili uone mwendo huo unavyoharibu picha, fanya jaribio la bure. Simama mahali Loleza inapoonekana vizuri (mtu wa Iringa ageukie jiwe la Gangilonga), fungua kamera ya simu kwenye panorama, ile ya kuzungusha simu polepole, halafu mwambie mtoto akatize mbele yako wakati unazungusha. Mlima utatoka safi. Mtoto atatoka ana miguu mitatu, au kakatwa nusu, au kavutika kama twiga aliyelala. Simu yako ni nzima. Inachukua picha kwa vipande vyembamba, kimoja baada ya kingine, na kila kipande kimemkuta mtoto mahali pengine.

Mashine ya CT, ile eksirei ya kuzunguka mwili tunayofanyia kipimo hiki, nayo inaunganisha vipande namna hiyo. Nimeona uvimbe mmoja ukatoka kama miwili iliyopandana, na nimeona wa mviringo ukatoka bapa kama andazi lililokaliwa. Picha mbovu namna hiyo angalau inajitangaza. Inayonitia hofu ni ile safi. Mashine za siku hizi hupita kifua chote kwa sekunde chache, zikaukamata uvimbe mahali fulani pa safari yake, na picha ikatoka inang'aa bila dalili yoyote kwamba kitu kilikuwa kinasogea. Daktari akichora hapo tu, amechora kituo kimoja cha basi na kukiita njia nzima.

Hesabu ya parachichi

Hapa huja swali, na ni swali la haki: kama uvimbe unasogea, si waongeze tu eneo la mionzi kila upande, mambo yaishe?

Chukua parachichi, la Rungwe au la Njombe, nisije nikaanzisha ugomvi, ulipasue katikati. Tuseme ni la duara, na kokwa ina upana wa sentimita 3. Kokwa ndiyo uvimbe. Nyama iliyoizunguka ina unene wa sentimita 1. Ukiangalia kwa jicho, kokwa ndiyo kubwa na nyama ni ukanda tu. Ukipiga hesabu, kokwa ina ujazo wa kama mililita 14, na kokwa pamoja na nyama ni kama mililita 65. Nyama peke yake imezidi kokwa mara tatu na nusu. Ndani ya kifua, nyama hiyo ni pafu lisilo na ugonjwa, na pengine kipande cha moyo au umio, vyote vikila mionzi ya bure. Pafu lililopigwa mionzi kupita kiasi linaweza kuvimba ndani kwa ndani wiki au miezi baadaye; mgonjwa anapata kikohozi kikavu na kuishiwa pumzi wakati anadhani amemaliza safari.

Kwa hiyo kila milimita ina bei, na njia ya kuipunguza ni kupima mwendo wa mgonjwa mwenyewe badala ya kuukisia. Kazi yako mgonjwa ni kuufanya mwendo huo upimike.

Hatua ya 1: Ijue pumzi yako, wiki mbili kabla

Lala chali kwenye mkeka au kitanda kigumu. Godoro linalozama halifai, kwa sababu meza ya kipimo ni ngumu na bapa. Weka kiberiti juu ya tumbo, kati ya kitovu na mwisho wa mbavu. Mtu akae pembeni aangalie kiberiti kinavyopanda na kushuka, ahesabu kwa dakika moja ya simu.

Kwa baba mdogo mhesabuji alikuwa mama mdogo, nami nikiwa kwenye simu ya video. Mara ya kwanza alimwambia kabisa, "Haya, nahesabu." Baba mdogo akaanza kupumua kama mtu aliyeitwa mbele ya balozi: pumzi ndefu, za heshima, mabega yakipanda. Tukapata 9, na katikati akakohoa. Nikamwambia mama mdogo aache. Aongee naye habari za mbolea na bei ya chai, anyamaze, halafu ahesabu kimyakimya. Ikatoka 17. Siku iliyofuata 16, kesho yake 17. Hiyo ndiyo pumzi yake.

Ukibeba kimoja tu kutoka kwenye maandishi haya, beba hiki: mtu akijua pumzi yake inaangaliwa, huibadilisha. Chumba cha kipimo kitakuangalia kwa kamera, taa na watu watatu nyuma ya kioo. Dawa yake ni kuzoea kuangaliwa mpaka usijali. Dakika kumi asubuhi, kumi jioni, kiberiti tumboni, mtu kakaa pembeni. Usijifunze kupumua vizuri; jizoeze kupumua ulivyo.

Kiberiti sikukichagua kwa utani. Vituo vingi huweka kiboksi kidogo chepesi chenye vidoti vinavyoakisi mwanga juu ya tumbo, na kamera inafuata kinavyopanda na kushuka. Vingine hutumia mkanda unaozungushwa tumboni, vingine kamera inasoma ngozi yenyewe. Ukishazoea kiberiti, kiboksi hakitakushtua.

Hatua ya 2: Mikono juu ya kichwa

Mikono ikikaa ubavuni inaziba njia ya mionzi, kwa hiyo mara nyingi utailaza juu ya kichwa, imeegemea vishikio, dakika 20 hadi 30. Kwa mtu aliyeshika jembe miaka 50 hii ndiyo sehemu ngumu kuliko yote. Bega likianza kuuma, pumzi inakuwa fupi na ya juu juu, na tumbo linakaza. Hapo picha imeharibika ingawa hujasogea hata kidogo.

Anza na dakika tano ukiwa na mto chini ya viwiko, ongeza taratibu. Kama bega halikubali kabisa, sema mapema, kabla ya siku ya kipimo. Kuna namna nyingine za kukulaza. Kama una dawa ya maumivu uliyoandikiwa, muulize daktari uinywe saa ngapi ili iwe inafanya kazi wakati uko mezani. Usikae na maumivu kwa ushujaa. Mkao utakaopigwa nao kipimo ndio utakaorudiwa kila siku ya mionzi, pamoja na nukta ndogo za wino utakazowekewa kifuani ili tukulaze palepale.

Hatua ya 3: Kikohozi, basi na baridi

Kikohozi kitibiwe kabla. Usiseme "kimezoea kuja jioni tu" halafu ukapangiwa jioni. Mwambie daktari kinakuja saa ngapi, na kama kulala chali kunakiamsha.

Basi nalo ni jambo la kitabibu, ingawa watu hulichukulia kama nauli tu. Wengi wetu wa Nyanda za Juu Kusini tumepelekwa miaka yote Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Kutoka Mbeya ni zaidi ya kilomita 800: Makambako, Mafinga, Iringa, mteremko wa Kitonga, vitunguu vya Ruaha Mbuyuni, Mikumi, Morogoro, na jua limezama. Mtu ametoka mji ulio kama mita 1,700 juu ya bahari, kavaa sweta mbili, anashushwa usiku kwenye joto la pwani, miguu imevimba. Pumzi ya asubuhi inayofuata ni ya safari, si yake. Kama ratiba inaruhusu, lala angalau usiku mmoja wa ziada, ikiwezekana miwili, na urudie zoezi la kiberiti hukohuko ulikofikia. Baba mdogo alikuwa 17 nyumbani. Dar siku ya kwanza alikuwa 22, ya tatu akarudi 18.

Halafu kuna baridi ya kipimo. Mtu wa Uyole atacheka akiambiwa Dar kuna baridi, lakini vyumba hivi hupozwa kwa ajili ya mashine, na wewe uko kifua wazi. Ukitetemeka, kiboksi kinatetemeka nawe. Omba shuka la kufunika kuanzia kiunoni kushuka. Hakuna atakayekunyima.

Hatua ya 4: Siku yenyewe

Utaulizwa kama uliwahi kudhurika na dawa ya kuchomwa kwenye mshipa inayosaidia mishipa kuonekana. Jibu ukweli, na taja ugonjwa wa figo, kisukari na pumu kama unavyo. Utavua juu. Utalazwa, utapangwa, utachorwa. Haya yanapita haraka.

Kisha utaambiwa: "Pumua kawaida." Maneno haya mawili yameharibu picha nyingi kuliko kikohozi, kwa sababu mtu akiambiwa apumue kawaida anaanza kuigiza. Tafsiri yake ni hii: endelea kama ulivyokuwa nje kwenye benchi ukisubiri kuitwa. Usihesabu. Usishike pumzi kila mashine inapounguruma. Usilale usingizi pia, maana pumzi ya usingizi ni nyingine. Baba mdogo nilimwambia atembee kichwani kutoka nyumbani hadi kiwanda cha chai, mwendo wake wa siku zote, akifika ageuze.

Kama kituo kina CT ya 4D, meza itakwenda polepole kuliko ulivyotarajia, dakika moja mbili badala ya sekunde. Urefu, upana na kina ndizo pande tatu. Ya nne ni muda. Mashine inakaa juu ya kila sehemu ya kifua walau kwa pumzi nzima moja, ikipiga picha mfululizo, huku kiboksi cha tumboni kikiandika wimbi la pumzi yako. Mwisho tunabaki na lundo la picha zilizochanganyika. Kompyuta inazichambua kama mama anavyochambua maharage kwenye ungo: za pumzi iliyojaa huku, za nusu ya kutoa pale, za mwisho wa kutoa kule, mpaka yapatikane mafungu 10. Kila fungu linatengeneza kifua kizima kwa nukta moja ya pumzi. Ukiyaonyesha kwa mfululizo, uvimbe unaonekana ukipanda na kushuka kwenye skrini. Mara ya kwanza kuona nilinyamaza kabisa.

Sasa fikiria pumzi ya tatu ilikuwa fupi, ya nne ukahema kwa nguvu, ya tano ukameza mate. Soya ya njano imeingia kwenye rosekoko. Picha zinaangukia fungu lisilo lao, na yule mtoto wa panorama mwenye miguu mitatu anarudi. Ndiyo sababu nakung'ang'aniza na kiberiti. Ukihisi kikohozi kinakuja, sema au inua kidole. Kusimamisha na kuanza tena ni kazi ndogo. Kipimo hiki kina mionzi zaidi ya CT ya kawaida, lakini ni kidogo sana ukilinganisha na dozi ya matibabu. Kukirudia bila sababu ndiko tunakokwepa.

Baada ya hapo daktari anauchora uvimbe kwenye mafungu, anaunganisha michoro, na kupata eneo lote uvimbe unamotembea. Tangu 1999 miongozo ya kimataifa inaliita ITV. Juu yake inaongezwa pambizo ya milimita chache kwa ajili ya tofauti za kukulaza kila siku. Parachichi limekonda.

Ukitumwa pia kwenye kipimo cha PET, kile cha kuchomwa dawa inayofanya uvimbe ung'ae kwenye picha, jua kwamba hicho hukaa dakika kadhaa kwenye kila sehemu ya mwili. Pumzi nyingi zinapita, kwa hiyo uvimbe mdogo wa karibu na kiwambo hutoka mpana na umefifia kuliko ulivyo. Ukiambiwa "haung'ai sana", usishangilie kabla daktari hajalinganisha na CT.

Hatua ya 5: Uliza

Watu wetu wana adabu ya kutomhoji daktari. Baba mdogo alitaka kunyamaza. Nikamwandikia maswali matatu kwenye karatasi ya daftari ili ayasome kama ameagizwa. Uvimbe wangu unasogea milimita ngapi? Mwendo huo mmeushughulikia vipi kwenye mpango? Mimi nifanye nini kila siku?

Majibu utakayopata yanaweza kutofautiana, na tofauti si uzembe. Ukiambiwa unasogea chini ya milimita 5, mara nyingi hapahitajiki ufundi wa ziada. Usilalamike kwamba jirani kafungwa mkanda na wewe hukufungwa. Ukisogea zaidi, kuna njia. Ya kwanza ni kuacha upumue na kulipiga eneo lote la msafara. Ya pili ni kubana tumbo kwa ubao au mkanda ili kiwambo kisishuke sana. Haipendezi, lakini inavumilika. Ya tatu ni kuiwasha mionzi pale tu pumzi inapofika nukta iliyochaguliwa, mara nyingi mwisho wa kutoa, kwa sababu hapo pafu hutulia muda mrefu zaidi. Ya nne ni kushika pumzi, sekunde 15 hadi 20 kila mara, mionzi ikiwashwa ndani ya sekunde hizo. Zipo pia mashine zinazoukimbiza uvimbe zenyewe, mbali na kwetu.

Kuhusu kushika pumzi nina neno. Wapo wanaume wanaolichukulia kama mashindano ya kupiga mbizi Matema. Mtu ana pafu lililochoka kwa sigara au kwa TB ya zamani, anasema anaweza sekunde 20, anafika 12 na anatetemeka. Kama huwezi, sema huwezi. Pumzi ya kawaida yenye eneo kubwa kidogo ni salama kuliko pumzi iliyoshikwa kwa uongo.

Kwa wenzangu wa chumba cha kipimo

Pale ambapo hakuna 4D, kazi haisimami. Piga CT tatu, mkao uleule bila kumshusha mgonjwa: moja akipumua, moja akiwa amesimamisha pumzi mwisho wa kutoa kwa kawaida, moja akiwa ameisimamisha mwisho wa kuvuta kwa kawaida. Uvimbe uchorwe kwenye zote tatu na michoro iunganishwe. Neno la kuchunga ni "kawaida". Ukisema "vuta, shika" utapata sentimita 2 zangu za aibu. Jaribu hivi: "Vuta kama ulivyokuwa ukivuta... toa... vuta tena vilevile... hapohapo, baki." Fanyeni mazoezi mara tatu mashine ikiwa imezimwa. Mzee ambaye Kiswahili si lugha yake ya usingizini, mwombe ndugu yake akufundishe maneno mawili ya Kinyakyusa, Kisafwa au Kihehe. Neno la kwao halipiti kichwani kutafsiriwa, linafika moja kwa moja tumboni.

Wenye 4D, msiutegemee ule muhtasari unaounganisha mafungu yote kuwa picha moja na kubakiza, kwa kila nukta, ile ng'avu kuliko zote, pale uvimbe unapogusa kiwambo au ukuta wa kifua. Ini ni jeupe kama uvimbe, nalo linapanda na kushuka. Litaufunika, na ITV itatoka fupi upande wa chini, palepale panapohitaji uangalifu. Rudini kwenye mafungu moja moja.

Hatua ya 6: Wiki za mionzi

Kila siku au mara kwa mara utapigwa picha ya kuhakiki ukiwa tayari mezani. Picha hii huchukua kama dakika nzima, kwa hiyo uvimbe hutoka umepakaka kama chapa ya gumba lililoteleza. Ndivyo unavyotakiwa kutoka. Tunalinganisha mpako huo na eneo lililochorwa. Pumua uleule mwendo wa kwenda kiwandani na kurudi.

Mwili haukai kama ulivyopimwa. Wakati mwingine kitovu cha safari ya uvimbe huhama chenyewe kutoka wiki hadi wiki. Mara nyingine kuna sababu, na sababu hiyo unaijua wewe kabla yetu. Mwambie mtaalamu kabla hujapanda mezani kama kikohozi kimeanza au kimekoma ghafla, kama umetolewa maji kifuani, kama umepungua mpaka suruali inahitaji kamba, kama umeanza kutumia oksijeni, kama usiku ulilala umekaa.

Baba mdogo alitolewa maji siku ya Ijumaa, wiki ya pili, kwenye hospitali nyingine. Jumatatu akaja, akavua shati, akalala, kimya. Plasta ubavuni ndiyo iliyomsema. Tulipouliza akajibu, "Niliona ni mambo ya huko, si ya huku." Pafu lilikuwa limetanuka upya na uvimbe umehama. Mionzi ya siku hiyo iliahirishwa, akapigwa kipimo kingine, daktari akachora upya.